Je, Kukunja Vidole ni Kukosa Imani?

Baada ya mahubiri ya Jumapili iliyopita juu ya yule mtu wa mkono uliopooza ndani ya sinagogi, Mchungaji aliniita kando akasema, "Ndugu, mkono uliopooza wewe ndiwe unaujua kutushinda sisi sote. Tuandikie kitu cha jarida." Nikamwambia mimi siandiki, huwa naisemesha simu nayo ndiyo inaandika. Akacheka, akasema basi isemeshe.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye nakaa mwisho wa safu ya tatu kwenye kiti cha magurudumu, karibu na ile spika inayotuua masikio. Miaka minne iliyopita nilikuwa fundi wa mbao. Matatu niliyokuwa nimepanda usiku ilibingirika, shingo yangu ikavunjika, na ule mshipa mkuu wa neva unaopita ndani ya mifupa ya mgongo ukaumia.

Watu wakisikia "amepooza" hufikiri ni kama stima imepotea nyumba nzima. Si hivyo. Mshipa ule unatoa matawi, jozi nane pale shingoni peke yake, na kila jozi ina kazi zake. Ya tano inasaidia kukunja kiwiko. Ya sita inainua kifundo cha mkono. Ya saba inanyoosha kiwiko, ya nane inafunga vidole. Ukiumia juu unapoteza vingi, ukiumia chini unabaki na vingi, na tofauti ya upana wa kidole kimoja shingoni inaweza kuwa tofauti kati ya mtu wa kulishwa na mtu wa kujilisha. Mimi niliumia chini kidogo ya ile ya sita. Mabega yako sawa, kiwiko nakikunja, kifundo nakiinua. Kunyoosha kiwiko hakuna, na vidole havinisikii hata kimoja.

Ndiyo maana kiongozi wa sifa akisema tuinue mikono, mimi nikiinua, kiwiko kinakunjika chenyewe na mkono unaniangukia usoni. Mara ya kwanza dada mmoja nyuma yangu alidhani nimeguswa, akaanza kulia. Sikuwa na moyo wa kumwambia ukweli.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki zangu za kwanza za mazoezi nilipewa dada mmoja mtaalamu wa mikono, mdogo kwangu kwa umri lakini mkali kama mwalimu wa zamani. Alinishika mkono akaniambia niuache uanguke mbele. Vidole vikafunguka. Akasema, "Haya, inua kifundo." Nikainua, na vidole vikajikunja vyenyewe, gumba likaja likalala ubavuni mwa kidole cha shahada. Nilishtuka, nikadhani neva zimerudi. Akaniambia hapana, kaka, ni kano tu. Kano za vidole zinapita kwenye kifundo kama kamba inavyopita kwenye gurudumu la kisima. Kifundo kikiinuka kamba inavutwa, na vidole vinafuata. Mimi nimefanya kazi na kamba na mbao maisha yangu yote. Nilielewa hapo hapo.

Lakini kamba ikiwa ndefu mno, ukivuta inalegea tu, haibebi kitu. Kwa hiyo akanipa sheria, akairudia kila siku mpaka nikaiota: usinyooshe vidole wakati kifundo kimeinuka. Ukitaka kuvinyoosha, shusha kifundo kwanza. Ukiinua kifundo, viache vikunje. Ukiegemea mkono kitandani, kunja vidole usiviweke bapa. Kano zibaki fupi kidogo, makusudi. Ukizivuta zikarefuka, ule mshiko mdogo umekwenda, na haurudi kwa urahisi.

Miezi michache baadaye nikaruhusiwa nyumbani, nanyi mkaja kuniombea. Mlikuja wengi, mkaleta unga, sukari, nauli ya kliniki, hilo sitalisahau. Lakini kuna mzee mmoja wetu, mtu wa maombi kweli, ambaye kila akiomba alikuwa anaushika mkono wangu, anauinua juu, na kunyoosha vidole kimoja kimoja mpaka vinalia, huku akiviamuru vifunguke. Yaani hasa kile nilichokatazwa. Mara mbili nilinyamaza. Mara ya tatu nikamwambia, "Mzee, naomba usivinyooshe. Daktari amesema vibaki vimekunjwa."

Chumba kikawa kimya. Mzee akaniachilia mkono polepole, akasema, "Kijana wangu, ukikubali vidole vyako vikunjwe, si unamwambia Mungu asijisumbue?"

Swali hilo nimelibeba karibu miaka mitatu. Na sitaki kulidharau, maana mzee hakuwa mjinga wala hakuwa mkatili. Fikiria upande wake. Anamwona kijana aliyemjua akipiga randa sasa anauacha mkono uwe kama ukucha wa kuku. Anamwona amefundishwa na watu wa hospitali kuulinda mkunjo ule kama mali. Kwake huo ni mkataba na ugonjwa. Na kuna mahali ana haki: mtu anaweza kweli kukaa kwenye kidogo mpaka akasahau kwamba aliwahi kutaka zaidi. Nimewaona watu hao, na kuna siku nimekuwa mmoja wao.

Basi nilimrudia yule dada wa mazoezi nikamuuliza swali la mzee kama lilivyo. Tukifupisha kano, halafu siku moja neva zikarudi, kwa dawa au kwa muujiza, si mkono utakuwa umeshafungwa? Alilichukua swali kwa uzito. Akanionyesha tena: kila kiungo cha kila kidole kinanyooshwa kila siku, ila kifundo kikiwa chini. Viungo vinabaki laini. Ngozi inabaki laini. Mtu akikusalimia mkono, mkono unafunguka. Kinacholindwa ni urefu wa kano peke yake. Mkono uliokakamaa ni jambo lingine kabisa, ni matokeo ya kutojaliwa, nao haushiki kitu wala haufunguki.

Kumbe mambo mawili niliyodhani yanapigana, kutumia kilichopo leo na kutoufunga mlango wa kesho, yanafanywa na zoezi lile lile asubuhi na jioni. Inachukua kama robo saa kila mkono. Mke wangu analijua kuliko mimi.

Lakini hilo linajibu swali la kano tu, halijibu swali la moyo. Wacha niseme lile lililonisumbua zaidi. Katika maombi yote niliyoombewa, na ni mengi, karibu yote yalikuwa ya miguu. "Simama utembee." Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani aitwaye Kim Anderson alichapisha majibu ya watu 681 walioumia uti wa mgongo. Aliwauliza ni kazi gani ya mwili ikirudi ingebadilisha maisha yao zaidi. Kati ya wale waliopooza mikono na miguu pamoja, karibu nusu walitaja mikono. Kutembea kulikuwa mbali nyuma. Niliposomewa hayo nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akakaa kitandani.

Kwa nini sisi tunaombea miguu? Nina wazo, na mnisamehe nikikosea. Mtu akiinuka kwenye kiti cha magurudumu, hata aliye mlangoni anamwona. Ni ushuhuda wa kanisa zima. Gumba likibana kijiko, anayeona ni mke wangu peke yake, tena akiwa ameinama. Tunapenda uponyaji unaoonekana kutoka safu ya nyuma. Sasa ni uponyaji wa nani huo, wangu au wa watazamaji?

Nitawaambia mkono ni nini kwangu. Mkono ni namba ya siri ya M-Pesa. Mwaka wa kwanza namba yangu ilijulikana na mke wangu, shemeji yangu, mtoto wangu wa darasa la sita na jirani. Hawakuiba hata shilingi. Lakini mtu mzima asiyekuwa na siri hata moja ya tarakimu nne anajiona kama duka lisilo na mlango. Mkono ni ile katheta ya mkojo, mnisamehe kutaja: tofauti ya kujitolea mkojo mwenyewe na kufanyiwa na mtoto wako wa kiume, sina maneno ya kuieleza. Mkono ni sadaka. Miezi mingi noti yangu ilitumbukizwa kwenye kikapu na mtu mwingine. Jumapili niliyoinua kifundo, noti ikabaki imebanwa, nikaipeleka mwenyewe juu ya kikapu nikashusha kifundo ikaanguka, ilikuwa noti ya shilingi hamsini, na nilitetemeka kuliko siku ya harusi yangu.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu nikiishia hapo nitaonekana kama mtu asiyetaka kusaidiwa, na hilo ndilo kosa nililomfanyia mke wangu. Siku nilipofanikiwa kushika kijiko nilimkataza asinilishe tena. Nilimwaga uji, nikamwaga mchuzi, nikala maharagwe baridi saa nzima, nikijiona shujaa. Jioni moja akaniuliza, "Baba watoto, mkono wangu ulikukosea nini?" Sikuwa na jibu. Kwa miezi yeye alikuwa mkono wangu, na mimi niliusukuma kando kama kifaa kilichokwisha kazi.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Sisi si watu wa kila mmoja na sahani yake. Mama zetu wazee tunawalisha na hakuna anayesema wamepungua. Basi kama kulishwa si aibu, kwa nini nililia kwa furaha siku ya kijiko? Nadhani ni hivi. Aliyepooza mikono hawezi kukataa msaada, na kwa hiyo hawezi pia kuukubali. Anapokea tu, kama udongo unavyopokea mvua. Mkono ukirudi hata kidogo, sasa nikimwambia mke wangu "nilishe leo, nimechoka," namwomba, naye ananipa. Na siku nyingine mimi ndiye namshikia kikombe chake cha chai akisuka mtoto nywele. Tangu siku ile ya swali lake tunakula hivyo, siku zingine mimi, siku zingine yeye.

Kuna jambo lingine tena, nalo liko mbele yangu mwezi huu. Daktari wa upasuaji aliyenichunguza anasema mshiko wangu unaweza kuongezwa nguvu. Kuna msuli unaoanzia juu ya kiwiko ukateremka hadi karibu na kifundo, upande wa gumba. Kazi yake ni kusaidia kukunja kiwiko, lakini kiwiko kina misuli mingine inayokikunja. Basi wanakata mwisho wa kano yake na kuishona kwenye kano ya gumba. Halafu unaufundisha ubongo upya: unakusudia kukunja kiwiko, gumba linabana. Kazi ya kupasua mikono ya waliopooza ili irudishiwe mshiko si ya jana. Daktari Erik Moberg wa Uswidi aliieneza miaka ya 1970, akitafuta mshiko mmoja tu, ule wa kushika ufunguo. Hakuahidi mkono mzima. Alijua pia kwamba mkono usio na hisia unaongozwa na macho, ukiangalia pembeni umeangusha.

Wengine siku hizi wanahamisha neva badala ya kano: wanachukua tawi la neva la msuli wenye msaidizi na kuliunganisha na neva ya msuli uliokatika mawasiliano. Mwaka 2019 Daktari Natasha van Zyl na wenzake wa Melbourne, Australia, waliandika habari za vijana 16 waliofanyiwa hivyo, neva 59 kwa jumla. Si zote zilizoshika. Lakini baada ya miaka miwili wengi wao waliweza kufungua mkono na kuufunga, kula, kushika vyombo. Neva mpya hukua kama milimita moja kwa siku. Kama jembe lingelima milimita moja kwa siku, nani kati yetu angesubiri mavuno?

Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Kwa baadhi ya misuli, neva ikichelewa kufika msuli unanyauka, na hauamki tena. Saa inaanza kuhesabu tangu siku ya ajali. Hospitali ya kwanza niliyolazwa, ambayo sitaitaja, hakuna aliyeniambia kitu kama hicho kipo duniani. Na nilipofika nyumbani, sisi wenyewe tulikuwa tukisema tungoje. Tulidhani kungoja ni kutoamua. Kungoja nako ni kuamua, ila ni uamuzi ambao hauonyeshi bei yake mpaka mwisho. Simlaumu mzee wangu. Mimi pia nilingoja, na sehemu ya kungoja kwangu haikuwa imani, ilikuwa woga wa kisu. Ile ya kano haina haraka hiyo. Hata baada ya miaka minne mlango upo.

Ila ina gharama yake. Mkono unafungwa wiki kadhaa, na unapita muda mrefu zaidi kabla ya kuruhusiwa kusukuma kiti au kujiinua kwa mkono ule. Yaani ili nipungue kuwa mzigo kesho, lazima niwe mzigo mkubwa leo, na mzigo huo unaubeba mtu mwingine. Je, nina haki ya kumwomba hayo? Kuhamisha msuli wangu ni ruhusa yangu. Kuhamisha miezi ya mke wangu si ruhusa yangu peke yangu.

Namfikiria kijana mmoja wa Marekani, Ian Burkhart. Alipiga mbizi baharini mwaka 2010 akavunja shingo. Mwaka 2014 madaktari wa Ohio walimpandikiza kifaa kidogo kwenye ubongo, kompyuta ikasoma nia yake na kutuma umeme kwenye misuli ya mkono, na mkono ukashika, ukamimina kutoka kwenye chupa. Lakini ulifanya hivyo ndani ya maabara tu. Jioni waya zinatolewa, anarudi nyumbani na mkono ule ule. Alijua tangu mwanzo kwamba hatakwenda nacho nyumbani. Akaendelea miaka, mpaka mwaka 2021 kifaa kilipotolewa kwa sababu ya maambukizi. Mkono wake yeye haukupona. Nikimweka kwenye mizani ya mzee wangu, sijui tungemhesabu wapi: alikubali kidogo, na hata kidogo hicho alikishika kwa ajili ya watu asiowajua.

Nirudi sinagogini. Luka anataja kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Waliokuwa pale wakitazama walikuwa na hoja yao kuhusu siku ya Sabato, na kwa hoja ile mkono ungeweza kungoja hadi kesho yake. Ni mkono tu, hafi mtu. Lakini aliyeponya alimwita mtu mmoja mbele, akashughulika na mkono mmoja, bila kungoja. Mimi nasikia hapo kwamba mkono si jambo dogo. Mzee wangu anasikia hapo kwamba mkono ulinyooka wote, mzima, na anayeridhika na nusu anamhesabu Mungu kwa nusu. Tumesoma mstari mmoja, tumetoka na vitu viwili, na bado tunaketi pamoja. Siwezi kumshinda kwa hoja, maana nami naomba ule mkono mzima. Naomba kila usiku. Ila asubuhi nikiamka na huu, nautumia huu.

Wiki jana nilimweleza mambo ya upasuaji. Alinyamaza muda mrefu, akauliza kama wataumiza ule mshiko nilionao. Nikamwambia hapana, wanaongeza juu yake. Akaniomba nimwonyeshe. Nikainua kifundo, vidole vikakunja. Akaweka kidole chake kimoja katikati, kizee, kigumu kwa kulima, akasema nibane. Nikabana. Akakivuta kidogo kikatoka, akasema, "Hiyo ni dhaifu." Nikamwambia ndiyo, mzee, ndiyo maana naenda.

Mke wangu naye amekubali, kwa sharti lake. Amesema miezi hiyo atanilisha yeye, na nisilete maneno. Jumanne tunarudi kliniki kupewa tarehe. Mzee amesema atakuja saa kumi na mbili asubuhi kunisukuma mpaka stejini.